Mwenye Sinema Anakaa Jikoni

Ukifika Kasongo ukauliza ni nyumba gani yenye sinema nzuri kuliko zote, utaelekezwa kwa Gédéon, fundi wa simu mwenye kibanda nyuma ya soko. Ukimwomba akuonyeshe hiyo sinema, atakupeleka jikoni. Usishangae. Vuta kigoda, pokea chai, na utaisikia kupitia ukuta wa matofali, kama anavyoisikia yeye mwenyewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini hata kinyozi huruhusiwa kuingia chumba chake cha kunyolea.

Gédéon ni mtu wa utaratibu. Kazi yake ni kufufua simu zilizotumbukia mto Lualaba, na kunakili filamu kwenye flashi za vijana wanaokwenda Lusangi kuchimba dhahabu. Flashi hizo huondoka zikiwa nzima na kurudi na virusi vya kila aina. Kompyuta yake ya kwanza iliugua ikafa, ya pili ikaifuata. Ndipo akajifunza Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao haununuliwi, na ambao virusi vya Lusangi vinaupita bila kuujua. Alijifunza kwa kusoma na kwa kukosea, zaidi kwa kukosea. Siku alipofaulu alianza kuwatazama wanaotumia mifumo mingine kwa huruma ile ya mlokole anayemtazama jirani yake akielekea baa.

Tangu hapo akawa na ndoto moja, nayo ilikuwa kiti. Si kiti cha uchifu wala cha ubunge, maana hivyo vina wagombea wa kutosha. Alitaka kiti kilichowekwa katikati ya sebule, televisheni mbele yake, spika mbele, kando na nyuma, ili mtu aliyekaa hapo, na huyo peke yake, apate kila sauti kutoka upande wake: mvua juu ya kichwa, farasi wakipita kutoka kushoto kwenda kulia, mlango ukifungwa nyuma ya shingo. Aliwahi kulisikia jambo hilo mara moja, katika duka moja la Bukavu, akasimama pale mpaka akaombwa anunue au atoke.

Spika aliletewa na rafiki yake Byamungu, mfanyabiashara wa dhahabu aliyetoka Bukavu na ambaye maisha yake yote hupita kati ya Kasongo na Lusangi, mgongoni mwa pikipiki. Zilikuwa tano ndogo na sanduku moja zito la kutoa ngurumo, zote zimezungushiwa godoro. Televisheni ilifuata safari nyingine ikiwa imevikwa makoti. Kompyuta ilitoka kwa shirika moja lililofunga ofisi na kuondoka, na ubavuni bado ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa kwamba ni marufuku kuigusa. Gédéon aliigusa kila mahali.

Akaweka Linux, na juu ya Linux akaweka programu ya kupanga filamu na kuzionyesha kwenye skrini kubwa. Paneli za jua zikapanda juu ya bati, betri zikaingia chini ya kitanda. Picha ilikuja bila shida. Sauti ndiyo iliyokataa. Kwanza ilipita kwenye waya wa televisheni ikatokea kwenye televisheni peke yake, na spika zikakaa kimya kama wageni waliowahi kabla ya chakula kuiva. Alipoilazimisha ipite kwenye spika, sauti za watu zikaenda kwenye sanduku la ngurumo, na ngurumo ikaenda kwenye spika ndogo ya katikati. Wachumba wa kwenye filamu walitongozana kwa sauti za mafahali, kisha bomu likalipuka taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekohoa kanisani. Katika mambo ya Linux hakuna wa kumlalamikia. Unafungua faili, unabadilisha neno moja, unazima, unawasha, unatukana, unaanza tena.

Mke wake Yvette, ambaye wakati huo mimba yake ilikuwa imefika mwisho, alipita juu ya nyaya akishika ukuta.

“Mutoto atazaliwa,” alisema, “atafikiri hii nyumba ni redio.”

Gédéon akamwambia avumilie kidogo, bado kidogo tu. Na ilikuwa kweli. Alifaulu kurudisha watu kwenye spika ya watu na ngurumo kwenye sanduku lake. Zikabaki spika mbili za nyuma tu kupimwa, halafu angekaa kwenye kile kiti, kipya, chenye mto, alichoagiza kwa seremala kwa kazi hiyo. Siku hiyohiyo uchungu ukamshika Yvette. Akazaliwa msichana, wakamwita Nuru, na kabla baba mtu hajapata nafasi ya kukaa popote, habari ikafika kwamba mama yake Yvette ametoka Kabambare na yuko njiani, anakuja kumshika mtoto.

Hapa lazima tuseme juu ya haya, yaani ile aibu ya heshima kati ya wakwe. Katika ukoo wa Yvette, mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Hali naye, hakai naye chumba kimoja, hamwambii neno, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia kwenye nyasi. Si uadui, ni heshima, ila heshima kubwa kiasi hicho inahitaji nyumba kubwa. Haya hiyo huondolewa kwa mbuzi. Mkwe analeta mbuzi, mjomba wa mke anasimamia, mama mkwe anamkatia mkwe wake kipande cha nyama kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo wanasalimiana na kukaa pamoja. Gédéon alikuwa hajafanya hivyo. Kabambare ni mbali, barabara ni ile tunayoijua, na kumheshimu mtu asiyemwona kulikuwa hakujampa shida yoyote. Siku ya harusi aliona kitambaa chake cha kichwa tu, tena kwa nyuma.

Sasa mwenye kitambaa, Mama Ernestine, alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, akajipangusa vumbi, akateremsha mchele na galoni la mawese, akaingia sebuleni akavitazama viti vyote. Kimoja kilikuwa katikati, kipya, chenye mto. Akakikalia. Wakati huo Gédéon alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia jikoni, chumba kilichoshikana na sebule kwa ukuta mmoja, na maisha yake yakaendelea huko.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema kama ni mama mkwe unampaje, na wewe huruhusiwi kumkaribia.

Kuhamia jikoni hakukumuuma sana. Asubuhi alikwenda kwenye kibanda chake, chumba cha kulala kilikuwa na mlango wa uani, na chakula kilimkuta motoni. Kilichomuuma ni zile spika mbili za nyuma. Mtu aliyejenga nyumba akabakiza msumari mmoja hawezi kulala. Kompyuta ilikuwa na mtandao wake mdogo usiofika hata barabarani, na simu yake iliweza kuiamrisha kupitia huo. Basi jioni ya pili, mwanga ukiwa bado mwingi, alimwomba Yvette asimame mlangoni na kumwambia atakachosikia. Halafu akaanzisha kipimo, ambacho ni sauti ya mwanamke wa Kizungu anayetaja spika moja moja: ya mbele kushoto, ya mbele kulia, ya nyuma kulia.

Ukutani ilisikika sauti nyingine, nene, isiyo na haraka.

“Ni nani ule mwanamuke iko anasema ku mugongo yangu?”

“Ni mashini, mama,” Yvette alijibu. “Wanaipima.”

“Kama iko na neno, apite mbele asalimie. Mutu wa kuita mutu toka nyuma, kwetu hatumuitikie. Ni mulozi, ao hakulelewa.”

Mwanamke wa Kizungu akarudia, nyuma kulia. Mama Ernestine akasimama, akageuza kiti, akaikazia macho ile spika, akaisalimia. Haikuitikia. Akaamuru zote ziletwe mbele, mahali ambapo mtu anaweza kuona anasemeshwa na nani. Yvette alikuwa mtoto mwenye adabu, naye alizihamisha. Spika tano ambazo Gédéon alikuwa amezipimia mahali pake kwa kamba zikapangwa mstari mmoja chini ya televisheni.

“Sasa inasikika muzuri,” Mama Ernestine alisema.

Jikoni, Gédéon aliangalia sufuria kwa muda mrefu. Alikuwa ametumia sehemu nzuri ya ujana wake kuifanya sauti itoke pande zote, na sasa ilitoka upande mmoja kama kwenye redio ya babu yake. Alitaka kwenda kueleza. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, na yeye hakuwepo kwa mujibu wa desturi.

Kulikuwa na shida nyingine. Mama Ernestine alipenda filamu, ila hakupenda kugusa vifungo. Yvette alikuwa na mtoto titini. Basi ikabidi mwenye nyumba, akitoka kazini, akae kwenye kigoda chake na kumwonyeshea mama mkwe filamu kwa simu, upande wa pili wa ukuta. Mwanzoni maagizo yalipita kwa Yvette: ambia mwenye nyumba aongeze sauti, ambia mwenye nyumba hii niliona. Yvette akachoka. Jioni moja alikuwa amesinzia na Nuru kifuani, na katika filamu mzee mmoja akanong’ona jambo wakati jogoo wa jirani akiwika.

“We televisheni,” Mama Ernestine alisema, “ule muzee amesema nini? Sikusikia.”

Gédéon aliirudisha nyuma bila kufikiri. Mzee akanong’ona tena.

“Asante,” ile sauti ikasema.

Ndivyo ilivyoanza. Desturi ilikataza kusema na mkwe. Mababu, pamoja na hekima yao yote, hawakufikiria kukataza kusema na televisheni. Jioni zilizofuata Mama Ernestine aliiagiza isimame akienda uani, iendelee akirudi, iache hawa wanaobusiana ilete mambo ya maana. Nayo ilitii kuliko televisheni yoyote duniani. Halafu akaanza kuiambia mambo mengine.

“Televisheni, bati ya hii nyumba inavuja ku kitanda ya mutoto.”

Kesho yake Gédéon alipanda juu ya nyumba na kulitengeneza bati.

“Televisheni, mukwe wangu anakulaka saa gani? Ninasikia sufuria tu.”

Hilo lilihitaji jibu, na haikuwepo filamu ya kulijibu. Lakini kwenye Linux, anayejua amri anaweza kuandika neno kwenye simu likatokea kwenye kona ya skrini. Gédéon, ambaye bakuli lake la majani ya muhogo lilikuwa tupu, aliandika, akafuta, akaandika tena: “Amekula. Sombe ilikuwa tamu.” Mama Ernestine alikuwa amesoma kwa masista na alijua kusoma vizuri, kwa sauti, akifuata kwa kidole hewani. Akasoma. Akafikiri.

“Mwambie sombe ni ya Yvette,” alisema. “Mimi niliweka mawese tu.”

“Atapata habari,” televisheni iliandika.

Wakaendelea hivyo, kwa adabu kamili, bila yeyote kumwambia mwenzake neno. Byamungu, aliporudi kutoka Lusangi na kuambiwa, alicheka mpaka akashika mlango. Alisema wabunge wangepelekwa kwa Mama Ernestine wajifunze kuipita sheria bila kuivunja.

Sasa, Gédéon si malaika. Kinyongo cha kiti na spika kilikuwa bado kinamkaa kooni. Alikuwa na filamu moja ndefu ya Nigeria, ya vipande vingi, juu ya mama mkwe mkali anayefika nyumbani kwa binti yake na kukataa kuondoka. Alitafsiri mwenyewe maneno ya chini kwa Kiswahili, jioni nyingi, ili ujumbe usipotee njiani. Halafu akaiweka, akaegemea ukuta, akangoja mwenye masikio asikie.

“Huyu mama iko na akili,” Mama Ernestine alisema mwisho wa kipande cha kwanza. “Ni yeye tu anatumika kazi mu hii nyumba.”

Katika kipande cha pili alimsifu zaidi. Yule mama alipomfukuza mpishi, Mama Ernestine alipiga makofi. Gédéon alivumilia mpaka pale mama mkwe wa kwenye filamu alipohamia chumba cha wenye nyumba, ndipo vidole vyake vikaandika kabla akili haijavizuia: “Hapana. Umekosa. Anaharibu nyumba ya watu.”

Akatuma. Alikuwa amembishia mama mkwe wake. Kijijini kwao mtu kama huyo angesemwa hata na wajukuu zake. Akajikumbusha kwamba si yeye, ni televisheni, lakini moyo haukukubali kutulia.

Kiti cha sebuleni kililia.

“Unasema nini, we televisheni? Ile nyumba iliharibika zamani, yeye hajafika. Bwana analala mpaka jua iko juu. Bibi hajui hata kupepeta mupunga. Nani aliharibu?”

“Wangekuwa wamefundishana pole pole,” televisheni iliandika. “Watu wawili wanaoana, si watatu.”

“Nani alikuambia wanaoana wawili? Weye uliona ndoa ya watu wawili wapi?”

Wakabishana mpaka wali ukaungua. Yvette alitoka kuuliza moshi ni wa nini akamkuta mume wake amejikunja juu ya simu, machozi yakimtoka kwa kucheka, na huko ndani mama yake anacheka kwa nguvu, kicheko kikubwa cha mtu wa shamba. Alisimama kati ya milango miwili akisikiliza.

“Baba Nuru, muko munagombana na mama?”

“Hapana,” Gédéon alijibu. “Mimi niko napika.”

Baada ya hapo hawakukosa jioni hata moja. Walibishania filamu zilipokuwepo, na zilipokwisha walibishania muhogo, mahubiri ya Jumapili, na kama mtoto avikwe soksi. Mama Ernestine, aliyekuja kwa mwezi mmoja, hakuzungumzia tena safari. Na Gédéon, aliyekuwa amemwekea ile filamu ili aondoke, alianza kufunga kibanda mapema.

Tuseme wazi: alimpenda. Alimpenda yule mwanamke asiyemjua sura, kwa ukali wake, kwa kutokuchoka kwake, kwa namna alivyokataa kushindwa hata pale alipokuwa ameshindwa mchana kweupe. Alitaka kuona uso wake anapocheka. Alitaka kukaa naye, chai mikononi, wabishane bila ukuta. Kiti alikuwa tayari kumwachia kabisa. Alimwagiza seremala cha pili, akiweke kando ya kile.

“Kwetu,” Byamungu alimwambia, “mama mukwe wangu ananitukana mbele ya watu, na mimi ninamupa soda. Uko unaandikia mutu iko karibu nawe hivi? Tafuta mbuzi, ndugu yangu.”

Gédéon akatafuta mbuzi, dume jeusi lenye afya, na akatuma habari Kabambare kwa Emile, mdogo wake Mama Ernestine, ambaye kama mjomba ndiye mwenye mamlaka ya kuondoa haya. Emile alifika na tope mpaka mabegani. Alimwangalia mbuzi kabla ya kuwaangalia watu, akasema shauri hili ni jema na lilichelewa.

Walikaa Jumapili baada ya ibada. Sebuleni walikuwa Mama Ernestine kwenye kiti chake, Emile mkabala naye, Yvette na mtoto, na Byamungu aliyekuja kama shahidi wa upande wa mume. Kiti kipya kilikuwa kitupu. Televisheni ilikuwa inawaka bila filamu, kwa sababu Mama Ernestine alisema isizimwe, nayo ni ya nyumba. Gédéon alisimama nje ya mlango, nyuma ya pazia, amevaa shati la harusi, kamba ya mbuzi mkononi. Alikuwa ameshayapanga maneno yake ya kwanza. Angemwambia: mama, juu ya soksi, bado umekosa.

Emile alisema mengi mazuri juu ya undugu. Akamaliza kwa kumwita dada yake yaya, kama dada wakubwa wanavyoitwa kwao, na kumuuliza inavyotakiwa:

“Yaya, mbuzi iko, mashahidi wako. Unakubali haya itoke?”

“Hapana,” Mama Ernestine alisema.

Yvette aliinua kichwa. Byamungu akaacha kutabasamu. Emile, ambaye katika maisha yake hajawahi kusikia jibu hilo kwa swali hilo, aliuliza tena kwa sauti ya juu zaidi, akidhani dada yake hakusikia.

“Nimesikia,” alisema. “Mukwe wangu sina neno naye. Alitengeneza bati, anamuchunga mutoto wangu. Lakini niambie, Emile. Haya ikitoka, akiingia hapa, atanibishia?”

“Mukwe akubishie? Hawezi, yaya. Wewe ni mama yake.”

“Basi.” Mama Ernestine alijiweka vizuri kitini. “Zamani, Zéphirin ndiye alikuwa ananibishia. Bwana yangu, tulibishana miaka yote mpaka kuku wakatuzoea. Tangu afe, kila mutu ni ndiyo mama. Wewe, ndiyo yaya. Yvette, ndiyo mama. Pasta naye, ndiyo mama. Kabambare yote nilikuwa ninasema peke yangu, neno linatoka, halirudi. Nikafika hapa nikapata mumoja wa kuniambia nimekosa. Sasa munataka munitolee ule, muniletee mukwe. Wakwe niko nao watatu.”

Nyuma ya pazia, Gédéon alisikia kila neno. Hakujua kama alichokisikia ni kukataliwa au ni jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Yalikuwa yote mawili, na yote mawili yaliuma.

Mama Ernestine akaigeukia skrini.

“Wewe televisheni, nimesema vibaya?”

Gédéon alifunga kamba ya mbuzi kwenye nguzo akatoa simu. Hakufuta hata neno moja. Emile, Byamungu na Yvette waliona maandishi yakitokea kwenye kona, na Mama Ernestine akayasoma kwa sauti, kidole kikifuata hewani: “Umekosa, mama. Mutu mumoja anaweza kuwa yote mawili. Nitaingia na nitakubishia.”

“Munaona?” aliwaambia, na uso wake ukang’aa. “Iko na kichwa ngumu.”

Emile alikuwa mtu wa sheria, na aliyatazama maandishi yale kama anavyotazama mpaka wa shamba. Akaona njia.

“Kama ni hivyo, aingie aseme kwa kinywa yake,” aliamua. “Akikubishia, yaya, tunachinja, na haya imetoka. Asipokubishia, maneno yako ni ya kweli, na mbuzi ninarudi naye Kabambare. Mukwe, ingia.”

Gédéon hakuogopa. Alifurahi, hata. Alikuwa amembishia mwanamke huyo jioni nzima nzima, alijua anapochoka na anapodanganya, alikuwa na hoja za kutosha mpaka Pasaka. Akavuta pazia akaingia.

Akaona kwanza miguu, midogo, imepasuka visigino, imepangwa pamoja sakafuni. Akaona kitenge. Akainua macho akaona uso mdogo kuliko sauti yake, na macho mawili yanayomtazama moja kwa moja, yakingoja ugomvi kwa hamu, yakimwomba.

“Haya, sema,” Mama Ernestine alisema. “Niko na haki, ao sina?”

Maneno yalikuwepo. Aliyasikia yakipanda. Lakini kutoka chini, kutoka nyayo, kilipanda kitu kingine kilichomtangulia, kila kofi alilopigwa utotoni kwa kumjibu mkubwa, kila shangazi aliyepiga magoti mbele yake ili amwonyeshe jinsi ya kusalimia. Magoti yalikunjika yenyewe. Macho yakashuka, yakarudi kwenye visigino.

“Ndiyo, mama,” alisema. “Uko na haki.”

Mama Ernestine alikuwa ameshinda, na hakuna aliyewahi kuonekana na huzuni hivyo kwa kushinda. Alimtazama mkwe wake kidogo zaidi, kisha akageuza uso ukutani, kama desturi inavyotaka. Emile akasimama, akamshika Gédéon bega, akamtoa nje taratibu, akaachia pazia. Baadaye kidogo mbuzi alisikika akilalamika kwenye kamba, akivutwa kuelekea njia ya Kabambare.

Gédéon alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amejaa hasira, na hakukuwa na mwingine wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe. Akatoa simu. Akaandika kwamba si kweli, kwamba mama amekosa, kwamba mama alikosa tangu neno la kwanza, halafu akaanza kueleza sababu, moja baada ya nyingine. Upande wa pili wa ukuta kiti kilisogezwa karibu na skrini, na Mama Ernestine akaanza kusoma kwa sauti.